Kanyange Alisema

"Papa, mizaha hiyo si yako!"

"Si yangu? Nani kaisema kwenye sherehe za mji huu mzima? Mimi ama wewe?"

"Kuisema, uliisema wewe. Kuitunga, je?"

Wasikilizaji wapendwa, mmesikia wenyewe. Ni baba na binti yake, wanagombana mlangoni mwa studio. Maikrofoni ilikuwa wazi. Sikuizima.

Leo tunamkumbuka Kanyange wa Kabeza, hapa Kigali. Narudia: Kanyange, muuza vitenge, mke wa Jean-Berchmans, mama wa Annick. Amefariki akiwa na miaka hamsini na saba. Na kabla tu ya kufariki, alipita mchujo wa shindano la wachekeshaji.

Jean-Berchmans hakujua. Alijua matangani, waandaaji walipopiga simu kuuliza Kanyange atavaa nini jukwaani. Alidhani wamekosea namba. Mke wake, mchekeshaji? Yule aliyekuwa akimwambia yeye apunguze sauti?

Jean-Berchmans mnamfahamu. Ni msemaji wa familia kwenye sherehe za kuposa, gusaba. Familia mbili hukaa zikitazamana, wasemaji wakarushiana maneno, ng'ombe wa mahari wakaahidiwa, watu wakacheka. Kazi hiyo ndiyo jina lake. Na Kanyange, siku zote, alikaa kiti cha nyuma yake.

"Mama akikohoa, Papa anabadilisha maneno," anasema Annick. "Kila mtu alidhani ni vumbi."

Kanyange alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, kwa wazazi Wanyarwanda waliokimbilia huko. Alihamia Kigali na sanduku moja na Kiswahili kingi. Dukani kwake ulienda kununua kitenge, ukatoka umeshika mbavu, kitenge umekisahau. Mume wake hakuwahi kukaa dukani.

Siku ya mchujo, katika ukumbi wa hoteli moja Kiyovu, wengine walikuwa vijana wa suruali zilizochanika magoti. Yeye alivaa kama anayekwenda harusini. Hakufika mbali, jaji akamkatiza.

"Mama, huu niliusikia kwenye gusaba ya kaka yangu. Umemwibia Jean-Berchmans."

Kanyange akamtazama. "Mwanangu, mpishi huiba mboga kwenye chungu chake?"

Alipita. Narudia, alipita. Annick alikuwepo, alirekodi kwa simu. Nyumbani Kanyange alisema ametoka sokoni. Wiki iliyofuata presha ikamwangusha. Hakuamka.

Sasa waandaaji wamemwambia mume: njoo wewe, upande jukwaani badala yake. Akakubali. Ndiyo maana ya ule ugomvi. Akipanda, mizaha itabaki yake. Asipopanda, atakuwa amekiri, na familia gani itamwita tena?

Nilimuuliza bila kuzunguka: mzee, mizaha ni ya nani?

"Madame, sijui." Alivua kofia, akaivaa tena. "Tulikuwa tunaongea tu. Jikoni, kitandani. Yeye anaanza, mimi namaliza. Ama mimi naanza. Ule wa mkwe na mbuzi, naapa ni wangu." Akahesabu kwa vidole. "Hapana. Mbuzi ni wake. Mkwe ni wangu. Sijui, madame."

Annick alimwekea simu sikioni, ile rekodi ya mchujo. Ninyi hamkusikia. Mimi nilisikia ukumbi ukipasuka kwa kicheko. Jean-Berchmans aliitazama ile simu kama mtu aliyetukanwa na kupewa zawadi kwa mkono mmoja. Akacheka. Halafu akafuta macho, akashangaa kukuta yamelowa.

"Mzaha huu haukuwahi kufika kwangu," alisema. "Kwa nini alinificha huu?"

"Kwa sababu unakuhusu wewe, Papa."

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Jean-Berchmans na Annick, na wateja wote waliocheka katika duka lile la Kabeza. Mungu amlaze Kanyange pema. Nawe unayenisikiliza, unayepigiwa makofi kila mahali: aliye nyuma yako akikohoa, umewahi kugeuka ukamtazama?

Nilitaka kufunga hapo. Lakini Jean-Berchmans ametoa simu yake, anawapigia waandaaji mbele yenu.

"Allo? Ni Jean-Berchmans. Sipandi. Nafasi ni ya mke wangu. Iacheni wazi."

Amekata. Amesimama. Anavuta maikrofoni yangu bila kuomba. Haya, mzee, sema.

"Waheshimiwa mabibi na mabwana, kama ilivyo desturi yetu tuliyoachiwa na wazee wetu, ambao wao nao..."

Annick amekohoa.

"Kanyange alisema: 'Mume wangu amegawa ng'ombe Kigali nzima. Nyumbani maziwa tunanunua ya pakiti.'"