Gerishon Mudaki na Pua ya Mfalme wa Wahiti

Baada ya miaka kumi na minne ya kazi, mwenzetu Gerishon Mudaki anastaafu leo, tarehe 31 Mei 2018, akiwa mkuu wa karakana ya nakala katika jumba letu la makumbusho hapa Doha. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajaribu, ila nimeudhika, na sioni sababu ya kuficha.

Gerishon alifika mwaka 2004 akitokea Vihiga, akaanza na nakala za plasta za vyungu na sarafu. Wengi wetu tuliwajua Wahiti, taifa lile la kale, kwa sababu ya Uria wa kwenye Biblia tu. Yeye ndiye aliyetuonyesha wafalme wao waliochongwa kwenye majabali ya Uturuki, wenye kofia ndefu na viatu vilivyopinda ncha, na kando yao maandishi ya picha: mkono, mguu, kichwa cha ng'ombe. Katika mstari mmoja, vichwa vyote hutazama upande ambako msomaji anaanzia. Alitufundisha hayo kwenye foleni ya chai, na aliyegeuka nyuma alinyimwa mandazi.

Mwaka 2011 alisafiri na wataalamu hadi kwenye jabali moja huko, akapaka mpira wa majimaji juu ya mfalme na maandishi yake, akarudi na kalibu. Nakala aliyoitoa humo ilikuwa na kila ufa. Pua ya mfalme ilikuwa imelika zamani, naye akaiacha hivyo hivyo. Fiona, mwenzetu wa karakana, alipoziba kitundu kidogo ili papendeze, aliambiwa, "Mama, hapa hatufanyi mekapu." Miaka mitatu baadaye wasaka dhahabu walililipua jabali lile kwa baruti. Dhahabu haikuwapo. Kalibu nayo ilikuwa imeshachanika, kwa hiyo nakala ya Gerishon ndiyo pekee iliyobaki.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Mwezi uliopita, Ijumaa, ambayo hapa ni siku ya mapumziko, sisi tukiwa kanisani Mesaimeer, uongozi ulimwita mkandarasi airembe nakala kwa ajili ya maonyesho. Alimpa mfalme pua. Palipofutika akabandika plasta yenye alama za kubuni, akaweka na kichwa cha ng'ombe kinachowapa wenzake kisogo! Jumapili asubuhi, kazi ilipoanza tena, Gerishon aliiona, akaketi sakafuni, akalia. Wakubwa wakasema inapendeza. Inapendeza! Atakayekuja kusoma atasoma uongo, na jabali la kumsahihisha halipo tena.

Alipoulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa, aliomba ruhusa ya kubandua ile plasta kabla hajaondoka. Alinyimwa. Amenunuliwa saa ya ukutani.

Basi, wageni wetu, mtakapoingia ukumbini leo mtamkuta mfalme hana pua, na yule ng'ombe hayupo. Msimtazame Gerishon, jana alikuwa nyumbani Muaither akifunga mizigo. Tuliobandua ni sisi wa karakana, kwa vijiti vya mbao na pamba yenye maji, kama alivyotufundisha. Nakala aliipaka nta tangu mwanzo, kwa hiyo plasta ile haikushika, na maandishi yote tumeyakuta chini yake, salama. Yeye mwenyewe hajui bado. Atayaona leo pamoja nanyi.

Asante, Gerishon. Rudi Vihiga kwa amani, upumzike, na afya yako iwe njema miaka mingi. Saa unaweza kuiacha.

Damaris, kwa niaba ya karakana