Tundu la Kidole

Mbele yangu kwenye basi, fundi wa mtambo wa majitaka alimwonyesha mama aliyeketi kando yake jiwe jeupe. "Hii ni mbolea. Tunaigandisha kutoka kwenye majitaka."

Mama akavuta kikapu chake. "Sasa mbona unapigapiga simu?"

"Inatakiwa igande tangini. Hii niliibandua jana ndani ya bomba. Bomba limeziba, limebaki tundu la kidole tu, nami nikasema nitalisafisha kesho. Mdogo wangu yuko zamu. Nampigia azime pampu kabla haijalipasua, hapokei."

"Hata mume wangu hapokei, na hakuna kilichopasuka."

Basi likasimama kwenye lango la mtambo. Kila siku ngurumo ya pampu husikika hapa zaidi kuliko injini ya basi. Leo palikuwa kimya.

"Si unaona? Ameizima," mama alisema.

Fundi hakuinuka. Simu ya mdogo wake ilikuwa bado inaita sikioni mwake.