Dada Yangu Hakujua Kuendesha Gari

Ndugu, jamaa na majirani, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya marehemu dada yangu kwa niaba ya familia, ingawa tangu jana nusu ya familia hainitazami usoni, na nitasoma niliyoyaandika mwenyewe, si yale niliyoandikiwa na kaka yetu mkubwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1981, mtoto wa pili kati yetu watatu, akamaliza shule ya msingi, akajifunza ushonaji katika chuo cha ufundi, na tangu mwaka 2002 akashona sare za shule katika chumba kimoja nyuma ya soko, ambako wenzake walimwita Bibi Vifungo, maana shati lingechanika kwanza kabla kifungo chake hakijang'oka. Kazini alikwenda kwa miguu, akarudi kwa miguu, na gurudumu alilolijua maisha yake yote ni la cherehani.

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 2006 na huyu shemeji yangu aliyeketi mbele, mwenye bandeji mkononi na miwani ya jua humu ndani, wakajaliwa mabinti wawili. Mwanzoni shemeji alikuwa mtu wa chupa mbili za Jumamosi, akaongeza, mwili ukazoea, akawa anakunywa kreti na bado anasimama wima, akajigamba kwamba pombe haimuwezi, kumbe iliyozoea ni miguu tu, macho na akili vilikuwa chakari.

Tarehe 9 Juni, mimi nikiwa safarini, kaka alifanya sherehe ya nyumba yake mpya, shemeji akanywa mpaka ulimi ukawa mzito, dada akaficha funguo za gari kwenye mkoba. Kaka akatoa ile dawa ya ukoo wetu, akammwagia maji baridi kichwani, akamnywesha kahawa chungu, akatangaza kwamba mtu yuko sawa, apewe funguo. Nawaambia ninyi mnaoiamini dawa hiyo, kama daktari alivyoniambia mimi: kahawa humfumbua mlevi macho tu, pombe inabaki kwenye damu, ini huiondoa taratibu kwa mwendo wake lenyewe, halijali maji wala kelele, na mguu unachelewa kufika kwenye breki. Shemeji akapewa funguo, akaendesha, mguu wake ukachelewa, gari likaingia chini ya lori lililoegeshwa, upande aliokaa dada.

Dada alilazwa siku mbili, nikarudi nikamkuta hai, akanisimulia haya yote kwa sauti ya kukatikakatika, akafariki tarehe 11. Mimi namfumba macho, kaka na shemeji wako kituo cha polisi wanasema aliyeendesha ni dada. Jamani! Mmemuua, halafu mnamsingizia? Yeye hawezi kuwajibu, mimi ninaweza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyeandika kwamba alama ya mkanda wa gari kwenye bega lake la kushoto ni ya kiti cha abiria, majirani waliolala na watoto, na mafundi wenzake walioshona nguo hii aliyoivaa. Nawashukuru pia askari wawili waliosimama pale getini, niliowaita mimi asubuhi, kwa kukubali kungoja tumzike kwanza.

Pumzika, dada yangu, kwa amani yote unayostahili. Shemeji, wewe usipumzike.