Ukurasa Uliozikwa Mumosho

Bwana wetu apewe sifa, ndugu zangu, yeye asiyechoka kutungoja!

Ninyi mnanijua kama mtu wa vitabu. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, niliporudi Bukavu na shahada yangu, nilitengeneza orodha ya maandishi yote ya marehemu Papa Tobia, mwalimu wa dini, na chini ya kila kitabu maelezo mafupi ya yaliyomo. Msilolijua ni kwamba tangu nimzike mke wangu sikuweza kusali. Nilifungua kinywa, neno halikuja. Nikabaki kueleza maombi aliyoyaandika Papa Tobia.

Kitabu kimoja kilinishinda, cha sala za msiba. Nyumbani kwa marehemu, mtaani Nyalukemba, hakikuwapo, wala misheni. Nikasikia nakala moja imebaki katika kijiji cha Mumosho. Nikashuka huko, nikisukumwa na udadisi kuliko imani.

Maman Furaha, kiongozi wa wamama wa kanisa, alinieleza kwamba nakala ilikuwa moja na nyumba nyingi. Basi Papa Tobia mwenyewe aliichana, kila nyumba ikapewa ukurasa wake. Nikaomba nizunguke nyumba kwa nyumba, ninakili. Akakataa.

"Tunaikusanyaka tu kama iko kilio, papa. Weye uko na kilio?"

Nilitaka kusema hapana. Nikamtaja mke wangu.

"Basi iko kilio," akasema, akaagiza watu waitwe.

Ndugu zangu, walikuja kutoka mashambani, majembe mabegani! Kila mmoja akasoma ukurasa wake. Wasiojua kusoma waliushika tu, wakautamka kutoka kichwani. Nami nikaandika. Ghafla wakanyamaza. Maman Furaha akanieleza kwamba ukurasa uliofuata ulizikwa pamoja na mzee aliyeutunza.

"Hapo ni mwenye kilio anasemaka."

Wakanisubiri. Nikaweka kalamu chini. Nikamwita Mungu, kisha mke wangu kwa jina lake, na maneno yakaja, machache, ya kukatikakatika, lakini yangu. Wakaitikia amina, na mwenye ukurasa wa baada ya ule uliozikwa akaendelea.

Mpaka leo sijui ukurasa ule ulisema nini, na bado natamani kujua. Chini ya jina la kitabu niliandika: "Hakina nakala kamili. Kisomwe pamoja na watu."

Namshukuru Mungu aliyenifungua kinywa. Nawe uliyenyamaza kama mimi, usingoje kupata maneno kwanza. Njoo ukae kati yetu. Sisi tutasoma kurasa zetu mpaka zamu yako ifike.