Kaptula ya Pamela

Basi la Mwika lilikuwa limeshapita Himo likielekea Moshi, na bibi mwenye mkungu wa ndizi bado alikuwa akimlalamikia mama aliyekaa naye. "Kule Rau mjini nimeona binti mkubwa anakimbia barabarani na kaptula. Wetu huku wanapanda mlima na mizigo ya majani ya ng'ombe, wanachoka kwa adabu."

Sirili, abiria wa kiti cha nyuma, alijifanya amelala asije akapitwa na neno.

"Huyo ni Pamela wangu, bibi," mama akajibu. "Mjini sina ng'ombe, sasa nimwache aozee kwenye kochi? Na kaptula nimemshonea mwenyewe, kwa suruali ya baba yake ya kanisani."

Basi likasimama stendi. Bibi akashuka amenuna, kisha akarudi dirishani. "Na wavulana anawapita?"

"Siku hizi wanakimbia kabla hajaamka."