Nyayo Mbele ya Sanamu la Nne

Miaka ile ya soko huria, kila kitu kikiwa ruksa, wachongaji kutoka Mbeya walisimamisha masanamu sita ya simenti kwenye njia ya ufukweni, toka Matema hadi Lyulilo, ili watalii wapate cha kutazama. Kila moja lina urefu wa watu wawili. La nne ni Mzee Angetile wetu na kasia lake, sura ileile, hata pengo la meno lipo. Tangu hapo mzee hashikiki kwa maringo. Asubuhi moja mimi, mzee na wenzetu wa kijiweni tuliyatembelea yote sita, tukarudi kwenye benchi langu la kahawa na jambo moja linatuwasha: nani huiacha njia kavu akikaribia la nne, akazungukia kwenye tope la mpunga? Nyayo ni za mtu mmoja, ndogo, kwenda na kurudi. Mimi Noa nilimimina kahawa tu, maana hawa wakianza hawasikii.

— Magendo hayo, alisema Patrick, tunayemwita Forodha kwa kuwa aliwahi kubeba mizigo mpakani Kasumulu. — Sukari ya Malawi. Sanamu lina uwazi ndani.

— Nimeligonga, limejaa, nikasema.

— Umegonga miguu wewe. Sukari iko tumboni!

— Acha ushamba, alidakia Adolf, jina la kijiweni Soko Huria. — Kuna mwekezaji kanunua ziwa. Mle machoni wameweka kamera. Mwenzenu kashtuka, anakwepa kupigwa picha.

— Kamera ndani ya simenti?

— Dunia imebadilika, Noa. Wewe baki na birika lako.

Mzee Angetile akajinyoosha.

— Nyie watoto hamjui kitu. Mtu huyo ananiogopa mimi. Tangu nisimame pale, hata viboko hawapandi nchi kavu.

— Tata, baba yetu, kiboko wa mwisho hapa ulimwona lini? nikauliza.

— Si ndiyo nasema? Wamekimbia!

Tulikuwa bado tunacheka alipofika Stumai, nesi wa zahanati, mwenyeji wa Tanga, hana hata miezi miwili hapa.

— Shikamooni wazee. Baba mkwe wake Hosiana ni nani?

— Marahaba. Ni mimi, alisema Angetile. — Kuna nini?

— Ana mimba ya miezi minane, na kila akija kliniki ana tope hadi magotini. Leo kaanguka mpungani. Mtoto anacheza, tunashukuru Mungu. Nikamuuliza, njia si ipo? Akainama, akasema, “Mkwe wangu amesimama pale.”

Niliona aibu, nasema kweli. Mkamwana wa Kinyakyusa hakutani na mkwewe uso kwa uso. Hilo tumekua nalo, na bado tulikuwa tunatafuta sukari.

— Lakini lile ni simenti, alinong’ona Soko Huria.

— Ni sura yangu, alisema Angetile.

— Sielewi, wazee, alisema Stumai. — Mkikutana njiani kweli inakuwaje?

— Mimi nikimwona kwa mbali naingia kichakani, apite.

— Sasa yule wa pale, ataingia kichakani lini?

Mzee Angetile aliweka kikombe chini, akavua koti, akauliza nani kati yetu ana sururu.