Ndoo Mbili za Mama Benta

Mwaka 1976, Bi. Truphena Ondiek, ambaye sote humwita Mama Benta, alipoingia maabara yetu ya Makadara, hakuwa amewahi kushika kaa wa baharini. Sasa, baada ya miaka ishirini na miwili, anastaafu tarehe 30 Juni 1998 akiwa na alama za kubanwa vidoleni, ambazo huwaonyesha wageni kwa maringo.

Alianza kwa kufagia. Kisha akakabidhiwa matangi ya kaa wa mikokoni, wanaoletwa kwa treni kutoka Mombasa pamoja na maji yao ya bahari. Madume aliwapa majina ya majirani zake wa mtaa wa Kaloleni. Wachokozi walipata ya wale wasiofagia ua.

Mwaka 1993 Daktari Mwongeli, mkuu wa utafiti, alitaka kujua kama homoni fulani ndiyo inayomtia kaa dume hamu ya kutafuta mwenzi. Baadhi ya madume walidungwa homoni, wengine maji ya chumvi matupu. Jamani! Wote walisimama kwa ncha za miguu, wakatanua magando, wakacheza kama wako harusini Pumwani. Waliopata homoni na waliokosa, hakuna tofauti. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa imeharibika, na Daktari hata chai ilimshinda.

Kumbe maji ya bahari yalikuwa yamechelewa njiani. Mama Benta akafanya kama sisi wote wa mitaa ya Eastlands mfereji wa nyumbani ukikauka: maji ya kusuuza nguo yanaosha sakafu, kisha yanaenda chooni. Maji ya tangi la majike aliyaona bado ni safi, akawamiminia madume. Na dume akinusa tu maji aliyokaa jike, haambiliki!

Ulikuwa mwaka wa kupunguza wafanyakazi, naye alikuwa na watoto watatu shuleni. Angenyamaza, nani angejua? Lakini alisimama mbele yetu sote akasema ni yeye, na kwamba kuyamwaga maji yale aliona ni dhambi. Tulihofia kibarua chake. Daktari akamtazama, akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akamtuma anunue ndoo mbili: nyekundu ya madume, ya manjano ya majike. Jaribio likarudiwa. Safari hii waliocheza ni waliodungwa homoni peke yao, na sisi tukacheza nao.

Tangu hapo, ole wako uchanganye ndoo hizo. Hata Daktari amewahi kufukuzwa kwa ufagio. Tuliupenda ukali huo, na tutaukosa sana.

Asante, Mama Benta. Tunakuombea afya, wajukuu wengi na mfereji usiokauka. Ndoo zako zote mbili tumekufungia uende nazo kwenu Siaya. Huko, mama, changanya maji upendavyo.